KURIPOTI UGONJWA SI KUCHONGEA MTU

 

Katika toleo hili tungependa kueleza jambo ambalo watu wengi hudhani ni kazi ya madaktari peke yao: kuripoti magonjwa ya kuambukiza. Tunapotembelea vijiji na manyatta, kutoka Balambala hadi Fafi na Ijara, tunaulizwa swali lile lile. "Kwa nini nesi aandike jina la mtoto wangu na kulipeleka kwa serikali? Mtoto ametibiwa, si yameisha?" Hili ni swali zuri na linastahili jibu kamili. Mtoto akitibiwa, yeye amepona. Lakini ugonjwa haujaisha ikiwa hatujajua ulitoka wapi na umeelekea kwa nani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kwetu methali hiyo tumeiona kwa macho.

TULIJIFUNZA NINI MWAKA 1997?

Wale wenye umri wanakumbuka mvua ya El Nino. Ilianza mwisho wa Oktoba 1997, na sehemu kame za Garissa na Wajir zikawa kama ziwa. Barabara zilikatika. Mifugo ilisimama majini mpaka kwato zikaoza. Kisha watu wakaanza kuugua homa kali na kichwa, wengine wakatoka damu puani, mdomoni na tumboni. Mbuzi na kondoo walitupa mimba na kufa kwa wingi.

Mwezi wa Desemba 1997 Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani mjini Nairobi walipata habari za vifo 478 visivyojulikana sababu, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia. Hebu tufikirie hesabu hiyo. Hawakupata habari za kifo cha kwanza, wala cha kumi. Habari zilipofika zikiwa pamoja, makaburi yalikuwa yamekwisha chimbwa. Mwanzoni wengine walidhani ni kimeta. Damu ya wagonjwa ikapelekwa maabara za Afrika Kusini na Marekani, na jibu likarudi: Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu haukuwa mgeni Kenya. Ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1930 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na ndiyo sababu ukapewa jina la Bonde la Ufa. Lakini kwetu Garissa haukuwa unatarajiwa, na watu walikuwa mbali na barabara, mbali na simu, mbali na hospitali. Wataalamu walipopima damu za watu baadaye walikadiria kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu 27,500 waliambukizwa. Wengi wao walipata homa tu wakapona nyumbani, na hakuna daftari lililowaandika.

MIFUGO HUTUAMBIA MAPEMA

Homa ya Bonde la Ufa huletwa na mbu. Mayai ya mbu wa aina fulani hukaa ndani ya udongo mkavu kwa miaka mingi, virusi vikiwa ndani yake. Mafuriko yakija, mayai huanguliwa. Mbu huuma mifugo kwanza, na virusi huzaana sana ndani ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mbu wa aina nyingine wakiwauma wanyama hao hueneza zaidi. Mwanadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, au kwa kugusa damu wakati wa kuchinja, kumsaidia mnyama anayezaa, kubeba mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, au kunywa maziwa yasiyochemshwa. Haijaonekana kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake, kwa hivyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Kwa mpangilio huu, mchungaji huona dalili kabla ya daktari. Mwaka 2006 mvua kubwa zilirudi. Mara hii wataalamu wenye picha za setilaiti walikuwa wametoa onyo wiki kadhaa kabla. Katikati ya Desemba vifo vya homa na kutoka damu viliripotiwa kutoka Garissa, na kufikia tarehe 20 vilikuwa vifo 11. Damu ya wagonjwa 19 wa kwanza ilipopimwa, 10 kati yao walikuwa na Homa ya Bonde la Ufa. Kazi ambayo mwaka 1997 ilitegemea maabara za ng'ambo, sasa maabara za KEMRI hapa nchini ziliweza kuifanya. Hayo yalikuwa maendeleo. Hata hivyo, ugonjwa ulipotulia Machi 2007, watu 684 walikuwa wameandikwa kuugua katika Kenya nzima, na 155 walikuwa wamefariki.

Watafiti walipokuja baadaye kuzungumza na wafugaji wa Kisomali, kumbe wazee walikuwa na jina la dalili ile. Waliita sandik, yaani kutoka damu puani. Walijua kwamba mvua hii si ya kawaida, mbu hawa si wa kawaida, na mimba hizi zinazotupwa si za kawaida. Waliona wanyama wakifa wiki kadhaa kabla ya watu kulazwa hospitalini. Ujuzi ulikuwako. Uliokosekana ni mdomo wa kuufikisha na sikio la kuupokea.

RIPOTI HUFUATA NJIA GANI?

Watu wengi hudhani ripoti ni barua ndefu. La. Tuchukue mfano wa zahanati ndogo yenye nesi mmoja.

Mama anafika na mtoto anayehara maji maji kama ya mchele na kutapika. Nesi anaanza kumpa maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa vizuri, yale ya ORS. Hiyo ni kazi ya kwanza, na haingojei karatasi. Lakini anaposhuku kipindupindu hangoji siku ya pili. Anapiga simu kwa afisa wa kaunti ndogo anayefuatilia magonjwa. Afisa huyo naye anaarifu kaunti, na kaunti inaarifu Wizara ya Afya Nairobi. Haya yote yanatakiwa kutendeka ndani ya saa 24. Kinyesi kidogo kinachukuliwa kupelekwa maabara. Wakati huo huo afisa wa afya ya umma anakwenda nyumbani kwa mama kuuliza: mnakunywa maji gani? Kuna mwingine anayehara? Kulikuwa na arusi au mazishi?

Maswali hayo si umbea. Kisima kimoja kikipatikana kina uchafu na kutiwa dawa, watu mia mbili wanaponywa kabla hawajaugua.

Mbali na simu ya haraka, kila kituo cha afya hujaza fomu ya kila wiki, iitwayo MOH 505. Humo huandikwa idadi ya wagonjwa na waliofariki kwa kila ugonjwa unaofuatiliwa. Kama hakuna mgonjwa, nesi anaandika sifuri. Wengine huona huu ni upuuzi, ati kwa nini kuripoti kitu ambacho hakipo? Sababu ni rahisi. Fomu isipofika, Nairobi haijui kama Hulugho hakuna ugonjwa au hakuna nesi. Sifuri ni habari, lakini kimya hakituelezi kitu.

Na mambo haya hayaishii Nairobi. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaitaka kila nchi imjulishe Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kupima na kuona kwamba tukio linaweza kuhatarisha nchi nyingine. Kwetu sisi tunaopakana na Somalia na Ethiopia, ambako ndugu wa ukoo mmoja wanaishi pande zote za mpaka, hilo si jambo la mbali.

NI MAGONJWA GANI YA KURIPOTI MARA MOJA?

Nyumbani huhitaji kujua jina la ugonjwa. Inatosha kujua dalili hizi, na ukiziona peleka habari siku hiyo hiyo:

1. Mtoto chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla bila kuumia. Inaweza kuwa polio.
2. Mtu yeyote anayehara maji maji mengi mara nyingi na kuishiwa nguvu. Inaweza kuwa kipindupindu.
3. Homa pamoja na vipele mwili mzima, macho mekundu na kikohozi. Inaweza kuwa surua.
4. Homa na kutoka damu puani, kwenye fizi, au katika choo na matapishi.
5. Mtoto mchanga aliyezaliwa vizuri akanyonya, kisha baada ya siku chache akakakamaa na kushindwa kunyonya. Hiyo ni dalili ya pepopunda.
6. Watu wawili au zaidi wa boma moja kuugua au kufa kwa namna moja katika muda mfupi.
7. Mifugo mingi kutupa mimba au kufa kwa pamoja, hasa baada ya mafuriko.

Hiyo ya saba mpelekee daktari wa mifugo, lakini mwambie na nesi pia. Isiwe mmoja anajua na mwenzake ng'ambo ya barabara hajui.

MTOTO MMOJA TU?

Mwaka 2013 mtoto wa kike wa miezi minne katika eneo la Dadaab alipooza, tarehe 30 Aprili. Mtu anaweza kusema, mtoto mmoja katika kambi yenye maelfu ya watu, kelele ya nini?

Lakini polio ina ujanja wake. Katika watoto 200 walioambukizwa, ni kama mmoja tu anayepooza. Wengine wanacheza na kubeba virusi tumboni bila dalili. Kwa hiyo mtoto mmoja aliyelemaa anatuambia kuna mamia tusiowaona. Kwa sababu mtoto yule aliripotiwa, na kinyesi chake kikachukuliwa na kupelekwa maabara, kampeni za chanjo zilianza upesi. Mwaka huo Kenya iliandika wagonjwa 14 waliopooza. Somalia, ambako sehemu nyingi hazikufikika, waliandikwa zaidi ya 190. Wengi wa wagonjwa hao, wetu na wa jirani, wataishi na ulemavu maisha yao. Tunaporipoti haraka tunapunguza idadi hiyo.

Wazazi wafahamu utaratibu. Mtoto akipooza ghafla, kinyesi huchukuliwa mara mbili, kukiwa na muda wa saa 24 hadi 48 kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, na vyote viwili ndani ya siku 14 tangu apooze. Huwekwa kwenye chombo chenye barafu na kusafirishwa hadi Nairobi. Ukimficha mtoto mwezi mzima ukimtafutia dawa nyingine, nafasi hiyo imepita na hairudi.

KWA NINI WATU HUNYAMAZA?

Tusiwalaumu watu kabla ya kuwasikiliza. Kimya kina sababu zake, na nyingine ni nzito.

Ya kwanza ni soko. Mwishoni mwa 2006 uchinjaji na usafirishaji wa mifugo ulipigwa marufuku, na soko la mifugo la Garissa likafungwa. Mfugaji anayetegemea mbuzi wawili kulipa karo na kununua unga alibaki na mbuzi wasiouzika. Mchinjaji, mpakiaji wa lori, mama wa kuuza supu, wote walikaa bure. Ilikadiriwa baadaye kwamba mlipuko ule uliigharimu Kenya zaidi ya shilingi bilioni 2. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Saudi Arabia ilikuwa imefunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Sasa mzee aliyeyaona hayo ukimwambia aripoti kondoo wanaotupa mimba, anajiuliza: nikisema, si nitakuwa nimewafungia soko watu wangu wote?

Tunamwelewa. Lakini tunamjibu hivi. Soko halifungwi na ripoti, linafungwa na ugonjwa ulioachwa ukaenea. Ukijulikana ukiwa katika boma tatu, kuna uwezekano wa kuzuia eneo dogo kwa muda mfupi. Ukijulikana ukiwa umefika wilaya nzima, hakuna tena cha kuzuia ila kufunga kila kitu. Tena chanjo ya mifugo inafaa ikitolewa mapema. Ugonjwa ukishaingia zizini, kupita na sindano kutoka mnyama hadi mnyama kunaweza hata kuueneza. Hata hivyo serikali nayo ina deni hapa. Ikimwomba mfugaji aseme ukweli, isimwache alale njaa kwa ajili ya ukweli huo. Msaada wa chakula na wa karo ungetakiwa uje pamoja na amri ya kufunga soko, usije miezi sita baadaye.

Sababu ya pili ni aibu na hofu. Wakimbizi wa Dagahaley, Ifo na Hagadera wamechoka kusikia kwamba kila ugonjwa umetoka kwao. Mwisho wa 2015 kipindupindu kilipoingia Dadaab na wagonjwa wakapita elfu moja, kulikuwa na maneno mabaya sana mitaani. Lakini kipindupindu mwaka huo kilikuwa katika kaunti nyingi za Kenya. Mahali penye msongamano, maji machache na vyoo vichache, ugonjwa wowote utapata nafasi. Anayeripoti kutoka kambini anatulinda sisi sote, na anastahili shukrani badala ya kutupiwa maneno.

Sababu ya tatu ni wafanyakazi wa afya wenyewe. Nesi akiwa peke yake na foleni ya watu sitini, fomu inakuwa kitu cha mwisho. Wengine wanaogopa ati wakiripoti vifo wataulizwa walikuwa wapi. Na wengine wamekata tamaa. Katika kazi yetu tulikutana na kituo kimoja, hatutakitaja, ambako fomu zilipelekwa kila wiki kwa muda mrefu na hakuna hata siku moja mtu alirudisha jibu. Mhudumu wa pale alituambia, "Ni kama kutupa mawe katika Mto Tana." Wakubwa wa afya wasikie hayo. Anayetuma habari anahitaji kuambiwa zilifika, na zilifanya nini. Kupiga simu ya dakika mbili kurudisha jibu ni dawa ya bei nafuu kuliko semina ya hotelini.

SHERIA NA IMANI ZINASEMAJE?

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, imeweka wajibu huu tangu zamani. Si daktari peke yake anayetajwa. Msimamizi wa shule ana wajibu wa kuarifu ugonjwa wa kuambukiza unapoonekana katika shule yake. Kwa hiyo mwalimu wa bweni anayewarudisha watoto nyumbani kimya kimya wakiwa na surua anavunja sheria, tena anaipeleka surua katika vijiji kumi.

Kwa upande wa imani, Wakristo tunajua kwamba katika sheria ya Musa mgonjwa wa ngozi alikwenda kuonekana na kuhani, na Bwana wetu alipowaponya wale wakoma kumi aliwatuma wajionyeshe. Ndugu zetu Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume kuhusu tauni, kwamba watu wasiingie katika nchi yenye tauni wala wasiikimbie wakiwa ndani yake. Dini zote mbili zinatambua kwamba ugonjwa wa mmoja ni jambo la jamii nzima, na kwamba mgonjwa haachwi peke yake.

Na tuna mfano wa karibu. Annalena Tonelli, mlei Mkatoliki kutoka Italia, alifanya kazi Wajir miaka ya 1970. Wafugaji wenye kifua kikuu walikuwa wakianza dawa kisha wanahama na mifugo, na daftari la hospitali linabaki na majina ya watu wasioonekana tena. Kuanzia 1976 yeye na wenzake waliwakaribisha wagonjwa kujenga manyatta zao karibu na kituo, wakae humo miezi sita na kumeza dawa mbele ya mhudumu. Alijua kila mmoja kwa jina. Njia ile ilisaidia kufungua mlango wa matibabu ya kifua kikuu yanayosimamiwa, ambayo leo yanatumika duniani kote. Aliuawa Borama, Somaliland, tarehe 5 Oktoba 2003. Kwake yeye, kuandika jina la mgonjwa kulikuwa na maana ya kukataa apotee.

TUFANYE NINI?

1. Kila boma na kila jumuiya ndogo ndogo ijue mhudumu wake wa afya ya jamii ni nani na namba yake ya simu. Tangu 2023 serikali imewaandikisha wahudumu hawa kote nchini.
2. Chifu, imamu, padre, mwalimu wa duksi na mwalimu wa shule watangaze dalili zile saba, hasa mvua zikianza.
3. Mvua ikizidi, tusichinje mnyama mgonjwa wala kula nyama yake. Maziwa yachemshwe. Mimba iliyotupwa isiguswe kwa mikono mitupu.
4. Mwenye kuripoti asitajwe jina barazani. Na mgonjwa naye jina lake libaki kwa wahusika tu.
5. Kamati za zahanati ziulize kila mwezi: fomu zilikwenda? Jibu lilirudi?
6. Daktari wa mifugo na wa watu waketi pamoja. Homa ya Bonde la Ufa ilirudi Wajir mwaka 2018, na itarudi tena siku mvua kubwa zitakaporudi.

Wapendwa, hatuwezi kuzuia mvua, wala hatuwezi kumwambia mbu asiangue mayai yake. Lakini kati ya kondoo wa kwanza kutupa mimba na mtu wa kwanza kufariki kuna siku kadhaa, na siku hizo Mungu ametuachia sisi. Mchungaji akiziona dalili, na aseme. Nesi akiambiwa, aandike siku hiyo hiyo. Na afisa akipokea, aje.